Vidole Katika Mabaki ya Kamba

Jumatano, tarehe kumi na moja Machi. Manyunyu yalikuwa yanaanguka tangu alfajiri, na upepo ulikuwa mdogo kiasi kwamba moshi wa jikoni ulikaa juu ya paa la kiwanda bila kujua uelekee wapi.

Mpishi wa kantini alifungua mlango saa kumi na moja na nusu, akasali sala yake fupi akiwa amesimama mbele ya friji, kisha akatoa mabaki. Jana yake kampuni ilipokea wageni wanunuzi, nao wakachemshiwa sufuria kubwa la kamba, kaa, kome, mahindi, viazi na soseji, vyote katika maji mamoja yenye chumvi, ndimu na vitunguu saumu, vikamwagwa juu ya meza iliyotandikwa karatasi. Wageni walikula kidogo, wakapiga picha sana. Vilivyobaki vilijaza mabeseni matatu, na utaratibu ulikuwa kwamba walichoacha wageni ndicho chakula cha wafanyakazi siku inayofuata.

Mpishi alikuwa na namna yake ya kuyashughulikia mabaki, na hakuna aliyemwingilia kwa miaka kumi na mitatu. Viazi hukatwa na kukaangwa. Mahindi hupukuchuliwa. Kaa hutolewa nyama kwa uma, na maganda yake huchemshwa upya kupata supu ya kupikia wali. Kome ambaye hakufunguka hutupwa, kwani aliyefunga mdomo mbele ya moto ana jambo analolificha. Kamba huingia mwisho kabisa, moto ukishazimwa. Kamba akichemka mara ya pili hugeuka mpira, na mtu aliyetafuna mpira humlaumu mpishi, hamlaumu mgeni.

Alipowamwagia kamba maji ya vuguvugu ili kuwatoa mafuta yaliyoganda, alama za vidole zikaanza kubanduka kwenye nyama yao. Zilielea juu ya maji, nyembamba kama ngozi ya ndani ya kitunguu, kila moja na mistari yake iliyojizungusha. Mpishi alichukua chujio akawa anaziopoa kama anavyoopoa povu. Alizilaza kwenye sinia na kuzifunika kwa kitambaa chenye unyevu zisije zikakauka.

Hakuwa na haja ya kuuliza ni za nani. Wageni hawakutaka kuchafua mikono, kwa hiyo kamba wao walimenywa wakiwa wabichi na wanawake wa chumba cha kumenyea. Barafu, chumvi na maganda huvikwangua vidole vya mmenyaji mpaka vinakuwa laini kama mgongo wa kijiko, na mashine ya mahudhurio pale getini haisomi kijiko. Mmenyaji huweka kidole, mashine huandika HAYUPO, naye huingia kazini hivyo hivyo, akamenya kutwa nzima akiwa hayupo. Anayekosa siku tatu mfululizo huhesabiwa ameacha kazi kwa hiari yake.

Mdogo wake mpishi, ambaye wenzake walimwita Chiriku kwa wingi wa maneno, alikuwa hayupo tangu Jumatatu. Alikuwa na miaka tisa pale kiwandani. Zilibaki wiki tatu atimize kumi, aingizwe kwenye ajira ya kudumu, na mama yao apate matibabu kwa jina lake. Hilo ndilo mpishi alilokuwa akilisemea na Mungu kila asubuhi mbele ya friji.

Alama ya mdogo wake ilipanda juu ya maji mapema, kati ya zile za kwanza. Aliitambua kwa kovu alilolipata utotoni, siku walipogombania kisu cha viazi. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu. Mashine ya getini hufunga majina saa moja kamili, na kutoka jikoni mpaka getini ni mwendo wa dakika tano.

Lakini nyingine zilikuwa bado zinapanda. Maji yakipoa zingezama tena kati ya kamba, na mchana wenyewe wangejila bila kujua. Mpishi aliona hawezi kuokoa cha ndugu yake na kuacha vya watu viliwe. Alimwomba Mungu ampe mikono ya haraka, akaendelea. Alipomaliza, zilikuwa arobaini na moja, na ilikuwa saa moja na dakika ishirini.

Wamenyaji waliitwa wakaja na aproni zao mbichi. Walipanga foleni, kila mmoja akachagua yake kama mtu anayechagua viatu vyake mlangoni, akaibandika kwa tone la supu. Ilishika vizuri. Mmoja alisema mume wake atafurahi, maana siku hizi akiguswa hudai ameguswa na glavu. Bibi mmoja mnene alipekua sinia mara mbili bila kukiona chake.

"Changu kimeondoka na yule mgeni mwenye tumbo," alisema.

"Mwandikie barua akirudishe," Chiriku alimwambia.

"Nitaisaini na nini?"

Walicheka, wakaenda getini. Chiriku aliweka kidole. Mashine ikawaka taa ya kijani, ikafikiri, kisha ikaandika: ANAFAHAMIKA. HAYUMO KAZINI.

Afisa utumishi alikuja jikoni saa sita, wakati wali ukipakuliwa. Alikuwa mtu mpole, mwenye leso iliyopigwa pasi. Alieleza kwamba mashine hufunga majina saa moja kamili, na jina la Chiriku lilifungwa kwa siku ya tatu. Hao wengine wamechelewa tu. Mpishi alisema kosa ni lake, yeye ndiye aliyekawia. Afisa alisema mashine haina nafasi ya kuandika kosa la mtu mwingine. Akafunua kitambaa, akatazama alama chache zilizobaki bila wenyewe.

"Mama, hizi umezipata wapi?"

"Kwenye mabaki."

"Mabaki ya nani?"

"Ya wageni."

"Wageni wa nani?"

"Wa kampuni."

"Basi."

Hakupandisha sauti. Alisema kampuni haina kinyongo. Itawaazima wamenyaji vidole hivyo kila asubuhi, wapite navyo getini, kisha wavivue kabla ya kugusa barafu. Jioni vitarudi jikoni, na mpishi atavitunza kwenye friji, rafu ya siagi. Na Chiriku, kwa kuwa mikono yake inajulikana, ataajiriwa leo leo kama mgeni wa kazi, aanze kuhesabu mwaka wa kwanza.

 Chiriku aliuliza kama anaweza kuondoka navyo jioni moja moja, kwa sababu mama yao haoni vizuri na humtambua kwa kumpapasa.

"Atakuzoea kwa hivyo vyako laini," afisa alisema. Alipokea sahani ya wali, akaonja, akamsifu mpishi kwamba kamba wamebaki laini kabisa. Akaomba aongezewe.

Ilibaki kiapo tu, kwa kuwa mali ya kampuni haiazimwi bila kiapo. Wamenyaji walisimama ukutani na sahani zao. Mpishi aliweka upawa chini. Chiriku aliinua mkono, akasema polepole, afisa akimtangulia maneno:

"Mimi, mfanyakazi mpya, naahidi mbele ya dada yangu na hawa wenzangu: nitavitunza vidole vya kampuni, nitavirudisha kila jioni vikiwa safi, na sitavitumia kumshika mtu yeyote wa kwetu."