Mbegu ya Kuku wa Mama

Mama yake Selestina hakuacha shamba wala ng'ombe. Aliacha kuku: wekundu, wa miguu mifupi, wenye kishungi, wanaolalia hata mayai ya bata bila kinyongo. Kijijini kwao, upande wa Kilosa ambako Mto Mkondoa hufurikia mashamba ya mpunga, hakuna aliyekosa kuwajua. Dada yake mkubwa, Lea, alipoolewa kule milimani Lumuma, mama alimpa mitetea na jogoo waende naye. Waliobaki wakawa wa Selestina.

Msimu huu kuku wa majirani walianza kufa. Jioni anadonoa, asubuhi unamkuta kichwa kimevimba na kilemba kimekuwa cha zambarau. Watu wakasema ni mdondo, tumeuzoea, wakafanya walichofanya wazazi wao: kutoa mbegu. Unachagua kuku wazima, unawapeleka kwa ndugu wa mbali wakae huko mpaka kifo kipite.

Shangazi Letisia ndiye aliyewapanga kuku wa Selestina kwenye tenga la kwenda kwa Lea. Lucas wa bodaboda alishafika, akilalamika kwamba kuku wa nyumba hii wanapanda pikipiki kama wakubwa, na yeye hajaonjeshwa hata paja.

Kabla kamba haijakazwa akaingia bwana mifugo, Deogratias, buti zake zikinuka dawa. Wakasalimiana, shikamoo na marahaba zikaisha, lakini hakulisogelea tenga. Akawaendea bata. Bata wa Selestina walikuwa wanono, hawana hata kamasi, wanashinda kwenye maji ya mpunga pamoja na bata mwitu wanaokuja na mvua. Akamkamata mmoja, akampitishia kijiti chenye pamba kooni, akakitia kwenye kichupa.

Shangazi akacheka. "Bwana mifugo, wagonjwa wanatapatapa kwa jirani, wewe unampima mnono?"

Deogratias akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa. Akasema anashuku si mdondo bali mafua ya ndege, ila maabara ndiyo itakayosema. Kirusi chake, alieleza, bata mwitu huweza kukibeba bila kuumwa, akavuka nacho nchi hata nchi, akakiacha majini kwa kinyesi. Kikiingia ndani ya chembe moja ya mwili wa ndege, kinaitumikisha ikitengeneze tena na tena, maelfu kwa maelfu. Na hakina wa kukisahihisha. Kila kinapojinakili kinaweza kukosea kidogo. Makosa mengi hufia palepale, lakini moja likiwafikia kuku waliosongamana, laweza kugeuka moto. Tena kirusi hicho kimegawanyika vipande vinane. Aina mbili zikikutana ndani ya bata mmoja, huchanganya vipande, kikazaliwa kirusi kingine ambacho hakikuwahi kuwepo.

Mikono ya Selestina ilikuwa imelala juu ya ukili wa mkeka aliokuwa akisuka.

"Kama mikeka miwili ifumuliwe," akasema taratibu, "halafu ushonwe mmoja kwa kili za yote miwili."

"Ndiyo hivyo. Ila mshonaji hana macho. Hajui anashona nini. Unaofaa ndio unaobaki."

Selestina akamtazama yule bata. Alikuwa ameshasahau kijiti, anajifuta mdomo kwenye nyasi. Ndani ya shingo ile fupi, huenda muda huohuo, palikuwa panashonwa kitu ambacho dunia haijakiona, bila kelele, bila nia, bila bata mwenyewe kuhisi hata kuwashwa. Hofu ilikuwepo, lakini kubwa zaidi ilikuwa ile hali ya mtu anayeinua macho juu usiku akakuta nyota ni nyingi kuliko alivyodhani.

Ndipo akaligeukia tenga. "Na hawa?"

"Leo ni wazima," Deogratias akajibu. "Wanaweza kuwa wanacho na hakijaonekana. Tenga lenyewe linaweza kuwa nacho."

Selestina akainuka, akaanza kufungua kamba.

"Utaiua mbegu ya mama yako," Shangazi akasema, sauti imekauka.

"Nikiipeleka Lumuma, Shangazi, ndipo nitaiua."

Lucas akaondoka na pikipiki tupu, na safari hii hakutania.

Mtetea wa kwanza wa Selestina alianguka kabla majibu hayajarudi. Majibu yaliporudi yalikuwa yale yaliyoshukiwa. Wataalamu wakaja wamejifunika gubigubi, na kila ndege wa kijiji akaingia shimoni na chokaa, bata nao, wanono vilevile, macho maangavu. Shangazi aliacha kumsemesha. Ua ukawa kimya hata mtu akashtushwa na ufagio wake mwenyewe.

Mpunga ulikuwa umeanza kupinda vichwa Lea alipopiga simu. Alitaka kujua kama wameruhusiwa kufuga tena. Selestina akaibana simu sikioni, kwa maana nyuma ya sauti ya dada yake palikuwa na nyingine, ya kukwaruza, yenye kukatika mwishoni kana kwamba mwimbaji ameishiwa pumzi.

Akamwendea Shangazi jikoni, akamwekea simu sikioni.

Shangazi akasikiliza. Jogoo akawika tena, kule milimani.

"Huyo," Shangazi akasema, "ni wa mama yako."