Kitufe cha Mwezi

Shangazi Sabiha alikuwa ameshaapa: Idi hii tukiaibika tena, anamuuzia Uweso masufuria yote, na duka letu la kukodisha vyombo vya shughuli linafungwa. Uweso naye, mwenye duka kama letu kule Raskazone, alishakuja kuyagongagonga kama mtu anayechagua nazi. Nilitamani nimfunike na moja.

Aibu yenyewe? Idi iliyopita mwezi haukuonekana. Harusi za Idi pili zikasogea siku moja, zikaangukia siku ya watu wengine, na nyumba mbili zikaja kugombea masufuria yale yale mlangoni petu. Bibi harusi mmoja wageni wake walilishwa mandazi. Tanga hii! Mpaka leo tunasemwa.

Basi mimi Hafsa, mtunza stoo, nikasema siuzwi pamoja na vyombo. Nikafungua kwenye simu ule mtandao wa kuundia programu: huandiki msimbo wa kompyuta, unaieleza akili mnemba unachotaka kwa Kiswahili chako, inakuundia. Nikaieleza vyombo, wateja, siku. Ikaleta kitu kizuri, na rangi zake. Nikaingiza harusi ya Asmahani, Idi pili. Ikataka tarehe.

"Nitaijuaje, na mwezi haujaandama?" nikaiandikia kwa hasira.

Ikanishauri niweke tarehe ya kukadiria. Weee! Hiyo ya kukadiria ndiyo iliyotulisha mandazi. Nikaipa somo: huku kwetu kuna shughuli za tarehe na shughuli za mwezi. Za tarehe zimekaa. Za mwezi zinahama na mwezi wake. Niwekee kitufe kimoja. Mwezi usipoonekana, za mwezi zote zisogee siku moja, wateja wake watumiwe ujumbe, na vyombo vikigongana niambie mapema.

Ikakiweka. Nikajaribu "haujaonekana", na papo hapo mstari mwekundu ukatokea: Jumamosi, Asmahani na mzee Zebedayo wa Pongwe, mwalimu anayeagwa kwa kustaafu, masufuria yale yale. Nikapiga ukelele mpaka paka akakimbia. Idi ilikuwa bado mbali! Nikampigia mzee.

"Shikamoo mzee. Mwezi ukituchelewesha, utakubali wageni wako wale jioni? Masufuria nitayaleta mwenyewe alasiri, yameoshwa."

"Marahaba mwanangu," akacheka. "Walimu tunakula saa yoyote."

Mfungo wa ishirini na tisa, baada ya kufuturu, tukakaa kwenye redio. Tangazo likaja: mwezi haukuonekana. Shangazi akashika kichwa. "Yarabi toba, tumekwisha!"

Nikabonyeza. Kila mteja wa shughuli za mwezi akapata ujumbe wa siku yake mpya na saa ya kupelekewa vyombo. Simu zikaanza kuita, Shangazi akazipokea akingoja matusi. Zikawa ni "sawa, Bi Sabiha" na "Idi njema" tupu.

Jumamosi kwa Asmahani ililiwa biriani mpaka watu wakalegeza mikanda. Jioni Pongwe mzee Zebedayo akaagwa kwa pilau ya masufuria hayo hayo. Nikarudi nimesimama nyuma ya gari katikati ya vyombo vyangu, nikipiga vigelegele peke yangu njia nzima. Walionishangaa na washangae!

Shangazi nilimkuta mlangoni, simu sikioni.

"Uweso, masufuria hayauzwi," alikuwa akisema. Aliponiona akanikonyeza. "Ya kwako je, unayauzaje?"