Koti la Bluu Lisilokauka

Yosr alisimama mlangoni mwa ofisi ya mkuu wa shule, mfuko wa plastiki kwapani. Mwalimu Lotfi alikuwa amemtoa kwenye mtihani wa hesabu kwa kukosa koti la bluu la sare. Bila kikaratasi chenye sahihi ya mkuu asingerudi darasani, na sifuri ilikuwa inamngoja.

"Koti ninalo, madam, ila limelowa," alisema, akilitoa mfukoni. "Kwa baridi hii ya Februari hapa Kef, hata soksi hazikauki. Na mbona wavulana hawavai? Au wao watoto wa sultani?"

"Punguza mdomo, binti yangu," alisema Munira, mkuu wa shule, ingawa moyoni alimkubali. Sheria hiyo ilimkera tangu yeye mwenyewe alipokuwa mwanafunzi.

Angetia sahihi papo hapo, kama si kosa la mwaka jana. Alimrudisha darasani mvulana mmoja aliyetolewa na Lotfi, bila kumuuliza, na Lotfi akakaa miezi mitatu hamsalimii. "Ulinivua nguo mbele ya watoto," alimwambia. Maneno hayo yalikuwa bado yanamuuma, maana yalikuwa kweli.

Akachukua kikaratasi kitupu, wakaenda. Mlangoni mwa darasa akabisha hodi kama mgeni. Lotfi akatoka.

"Umekuja kunipindua tena, madam?"

"Nimekuja kukuuliza. Sijatia sahihi. Hebu shika hilo koti."

Lotfi akalishika. Maji yakamchuruzika vidoleni. "Mbona hukusema, wewe?"

"Hukuniuliza, mwalimu. Ulisema 'nje' tu."

Lotfi akatazama chini. "Nikimwingiza hivi hivi, kesho nani atanisikiliza?"

Munira alikuwa na jibu, tena kali, akalimeza. Dakika ishirini za Yosr zilikuwa zimekwisha kupotea.

Lotfi akavua koti lake jeupe lenye vumbi la chaki, akampa Yosr. "Vaa hili. Kengele ikilia nitabaki nawe, nikufidie dakika zako." Akamgeukia Munira. "Sasa tia sahihi, madam."

Munira akakiegemeza kikaratasi ukutani, akasaini, furaha imemjaa.

Yosr akaingia, mikono ya koti ikimfunika vidole. Wavulana wa nyuma wakaangua kicheko.

"Anayecheka," alisema Lotfi, "kesho aje na koti lake."

Darasa zima likainamia karatasi.