Yadi Ishirini na Tano za Bure

Barafu ilikatika kwenye trei, ka, ka, na Peninah akafumbua macho. Kulikuwa bado giza. Alijifunga leso, akajikokota hadi jikoni, magoti yakilalamika. Mjukuu wake Jairus, aliyelala kwake mjini Northfield, Marekani, kwa sababu ya mechi ya chuo, alikuwa amekaa na mfuko wa barafu begani.

"Limetoka tena?"

"Halijatoka, Shosh. Linauma tu."

Akamtilia chai.

"Kwani huko kwenye mpira wa Kimarekani kazi yako ni ipi hasa?"

"Wale wengine wakianzisha mchezo kwa kuupiga mpira, mimi ndiye naudaka, nakimbia nao. Lakini sheria ilibadilishwa. Nikiinua mkono kabla ya kudaka, hakuna wa kunigusa. Hata nikidakia yadi ya tano kutoka mstari wetu wa goli, tunaanzia mbele, ya ishirini na tano."

"Na ukikimbia?"

"Siku hizi wanaupiga juu sana makusudi. Ukishuka, na wao wamefika. Naangushwa kwenye ya kumi na nane." Akashusha pumzi. "Kocha Brigid amesema leo nikikimbia bila ruhusa yake, mwenzangu Maulid anachukua nafasi yangu."

"Yadi za bure unazikataa kwa nini, baba?"

"Kukimbia ndiko ninakojua."

Peninah alimwelewa. Tangu magoti yamwachishe kazi ya kutunza wazee, aliujua uchovu wa kukaa mikono mitupu.

Walipanda basi pamoja. Uwanjani, Brigid alimpisha kiti chake cha kukunja bila kuombwa.

Mpira wa kwanza ukapaa. Jairus akainua mkono. Wa pili vilevile.

"Askari wa trafiki!" Maulid akapaza sauti kutoka pembeni. "Tusimamishie na basi!"

Zikabaki dakika mbili, wako nyuma kwa pointi nne. Mpira ukapaa tena. Kushoto kwa Jairus kulikuwa wazi kabisa. Hata Peninah aliiona nafasi hiyo. Jairus akamtazama Brigid. Brigid akatikisa kichwa kukataa. Mguu wa kijana ukatangulia, ukasita, kisha mkono ukapanda.

Mpinzani mmoja mnene, aliyekuwa anakuja mbio, alijipinda asimguse, akabwagika matopeni. Jairus akamwinua. Watu walikuwa wakizomea, lakini Peninah aliliona hilo.

Kutoka yadi ya ishirini na tano wenzake walisogea, wakasogea, muda ukawaishia wamebakisha yadi tisa wafunge.

"Nafasi bado ni yako," Brigid akamwambia. Jairus akaitikia kama aliyepewa pole.

Nyumbani, Peninah alimfungua kamba za viatu, maana bega lilikataa.

"Ningekimbia tungeshinda, Shosh."

"Labda. Au sasa hivi tungekuwa hospitali."

"Kwa hiyo nilifanya vizuri?"

"Kula kwanza."

Alikula ugali wote. Jioni akasimama mlangoni na begi lake kwenye bega zima.

"Jumamosi ijayo hatuna mechi," akasema.

Peninah alimfunga zipu ya koti hadi shingoni.

"Njoo tena, babangu. Hata bila mechi, njoo."