Kilufya na Ngoma za Mchangani

Chabu wa Kashikishi alikuwa mkalimani wa ufukweni. Wanunuzi wa samaki walivuka ziwa kutoka Kongo na Kiswahili chao, wavuvi wakawajibu kwa Kibemba, na katikati yao akasimama Chabu, akigeuza maneno upande huu na upande ule. Hakuna aliyewahi kumshika kwa kosa. Alijivunia jambo hilo kuliko baiskeli yake.

Mwaka 1956, wiki ya maonyesho ya serikali pale Nchelenge, alikuwa na mgeni nyumbani. Mgeni huyo, Kilufya, alikuwa mzee mnene kutoka Kilwa ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, na kwa miaka saba alikuwa akinunua samaki wakavu kwa mkono wa Chabu. Mzigo wake ulikuwa umefungwa tangu siku ya tatu. Hii ilikuwa siku ya tisa. Kila asubuhi aliaga, na kila asubuhi alisikia ngoma mahali fulani, akakaa tena. Alikuwa mpenzi wa michezo, na kila mchezo aliouona ulimwachia maoni.

Kule bomani kulikuwa na bendera, maboga makubwa mezani, na ngoma zilizoandikwa kwenye orodha ya karani. Orodha ilipojaa, vikundi vilivyokosa nafasi havikurudi nyumbani. Vilishuka mchangani Kashikishi, vikajitafutia uwanja katikati ya vichanja vya samaki, na kufikia siku ya pili ya maonyesho watu walikuwa wengi kule mchangani kuliko bomani. Kilufya alibeba kiti chake cha kukunja, akamchukua Chabu amtafsirie.

Walianza na wanakwaya waliocheza habari za mlevi aliyeokoka.

"Ule mulevi hajakunywa hata siku moja," Kilufya alisema mchezo ulipokwisha. "Anaanguka mbele ya kuteleza. Na akisha kuokoka, njo anaanza kutembea sawa mulevi. Baambie."

Chabu akawaambia, neno kwa neno. Wanakwaya walinuna. Lakini walipocheza tena baada ya saa moja, mlevi aliteleza kwanza ndipo akaanguka, na watu wakacheka hadi wakashikana mabega.

Kisha wakamtazama Davison, kijana wa Chienge aliyesimama kwa kichwa ndani ya mtumbwi huku mwenzake akiushika usiyumbe. Watu walipiga makofi. Kilufya hakupiga.

"Miye sikumwangalia," alisema. "Niliangalia ule mwenye kushika bwato. Ule njo alikuwa na woga ya kweli. Balipashwa kumuweka mbele."

Chabu alitafsiri hilo pia, na ni yule mshika mtumbwi peke yake aliyefurahi.

Mpaka hapo kazi ilikuwa nyepesi. Ugumu ulikuja jua lilipokuwa limeinama kidogo, walipofika kwenye uwanja wa kina mama walioongozwa na Idah. Idah alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sauti ya kuita mtu aliye katikati ya ziwa. Wenzake kumi walijipanga nyuma yake, mpiga ngoma wao, Ackson, akaanza, na katikati akaingia mwanamume mmoja, Goodson, amejaza nyavu ndani ya shati mpaka tumbo limemtangulia, kichwani kofia pana, mkononi kiti cha kukunja.

Chabu akakitazama kile kiti. Kisha akakitazama alichokalia Kilufya.

Kina mama waliimba kwamba mgeni wa ng'ambo akisema anaondoka kesho, mwenye nyumba afiche kuku.

"Banasema nini?" Kilufya aliuliza.

Chabu angewezaje kumwambia mtu aliyekula kwake siku tisa? "Banasema," alijibu, "mugeni wa ng'ambo akienda, hata kuku zinamukumbuka."

"Byen, muzuri," alisema Kilufya, akakaa vizuri.

Waliimba kwamba mgeni huyo akinunua samaki huwanusa mmoja mmoja mpaka samaki wenyewe wanaona haya. Chabu akasema wanamshukuru mtu anayeheshimu samaki wa ziwa lao. Waliimba kwamba kanisani hulala tangu zaburi ya kwanza, halafu huamka na kuitikia amina kwa sauti kuliko padri. Chabu akasema wanaisifu imani yake. Moyoni alianza kujipongeza kidogo, maana sifa zilikuwa zinamjia zenyewe, tamu na zenye mpangilio.

Wimbo ulipokwisha Kilufya alikuwa amekunja uso.

"Wimbo ni muzuri," alisema. "Benye kuimba njo babaya. Mutu akikusifu, anakuangalia mu macho. Hawa banangalia chini, banafunika kinywa. Na ule tumbo anaitikisa juu ya nini? Banaharibu maneno yao wenyewe." Akainuka. "Twende nibaambie."

"Baba Kilufya, tubaache, banachoka..."

"Wimbo kama ile haipashwe kuharibika. Twende!"

Akamwendea Idah, Chabu nyuma yake kama mtu anayepelekwa kituoni. Pale mbele ya watu wote mzee akaeleza taratibu jinsi wimbo wa sifa unavyopaswa kuimbwa, kwa heshima, mkono kifuani. Kisha akangoja tafsiri.

Chabu akamgeukia Idah. "Mgeni anashukuru," alisema kwa Kibemba. "Amechoka, anaomba kwenda kulala."

Idah alimtazama Chabu, akamtazama Kilufya, akaweka mikono kiunoni.

"Baba Kilufya," akasema kwa Kiswahili safi cha Kilwa, "miye nilikaa kwenu miaka ine, kwa dada yangu. Nilisikia yote. Huyu mutu anakudanganya tangu ubeti ya kwanza."

Akamweleza kila ubeti, kuku, samaki na amina. Ackson aliacha ngoma. Chabu alikuwa anatazama miguu yake na kuwaza kwamba miaka saba ya kazi nzuri imeishia hapo mchangani, mchana kweupe, mbele ya wanakwaya waliokuja kutazama.

Kilufya akavuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo.

"Kumbe macho yangu iko mazima!" alisema. "Nilianza kuogopa, ndugu Chabu. Nilifikiri nimezeeka, naona matusi pahali kuko sifa. Mama Idah, muimbe tena. Polepole. Na weye utaniambia."

Wakaimba tena, Idah akimtafsiria. Kilufya alisikiliza amefumba macho, na kwenye ubeti wa samaki alikohoa kwa namna iliyofanana sana na kicheko. Walipomaliza alitoa hukumu yake.

"Sasa ni muzuri. Lakini iko na makosa mbili. Ya kwanza, silalake mu zaburi ya kwanza, ni ya pili. Ya pili, huyu," akamnyooshea kidole Goodson, "anatembea sawa bata. Miye natanguliza kisigino. Leta kofia."

Akaivaa kofia ya Goodson juu ya kofia yake mwenyewe, akauzunguka uwanja mzima, kisigino mbele, tumbo likifuata, akinusa kila kichanja alichopita. Goodson akamfuata nyuma akijifunza. Watu walikuja mbio hata kutoka bomani, na mtu mmoja akakanyaga dagaa wa chisense walioanikwa mchangani, asisikie mwenye dagaa hao anavyomkemea.

Idah hakuridhika. Aliongeza ubeti mpya palepale kwa Kibemba, akimtazama Chabu, na kina mama wakauitikia huku wakijipiga mapaja.

"Banasema nini?" Kilufya aliuliza.

Idah akanyamaza kwa makusudi. Watu wote wakamgeukia mkalimani.

"Banasema," Chabu alianza, "Chabu eko na kinywa ya milango mbili. Pilipili inaingia huku, inatokea kule sukari."

"Sijasikia muzuri. Rudia."

Akarudia.

"Na sauti, ndugu Chabu. Bale ba nyuma habajasikia."

Akarudia kwa sauti, na mara hii, kwa mshangao wake mwenyewe, alicheka kabla hajafika kwenye sukari.

Walirudi nyumbani pamoja kabla ya giza, Chabu amebeba kiti. Njiani Kilufya akauliza, "Na weye? Weye mwenyewe uliona namna gani?"

Chabu alipunguza mwendo. Tangu asubuhi alikuwa amesema maneno ya wanakwaya, ya Idah na ya mgeni wake, na hakuna aliyemuuliza yake. Ilibidi ayatafute.

"Miye," alisema hatimaye, "naona ngoma ya Ackson ilikimbia sana. Balipashwa kuimba bila ngoma."

Kilufya akasimama katikati ya njia. "Bila ngoma?" alisema. "Hapana, hapana. Weka ile kiti chini."

Akakaa, akaanza kumweleza mwenyeji wake kwa nini amekosea kabisa.