Mistari Nyuma ya Mgongo

Anésie aliacha kupiga deki, akaegemeza mpini ukutani. Mezani, Waceke alikuwa na rula na penseli, akipima dirisha la kukatwa katika kadibodi nyeupe ya fremu. Kando yake ulilala mchoro wa wino kutoka Italia, wa zaidi ya miaka mia tano: mwanamke ameinama, shingo imekaza, mikono ameiinua kando ya masikio.

Waceke, binti Mkenya, alikuwa mtengeneza fremu wa jumba lile dogo la sanaa. Ni yeye tu pale aliyemwita Anésie "Mama Bénie", na kila asubuhi alimwondolea viti njiani bila kuombwa. Ndiyo maana Anésie akathubutu kuuliza mbona dirisha lile litamkata yule mama mgongo.

Waceke akamweleza. Hakuna ajuaye nani aliuchora. Wataalamu watatu walitaja majina matatu, ila wote walikubaliana kwamba mwanamke yule analia kaburini, na kwamba mistari hafifu nyuma ya mgongo iliongezwa na mkono mwingine, mwanafunzi pengine, akijaribu kalamu. Ingefunikwa. Kadibodi ilitakiwa kabla ya saa sita mchana.

Anésie akasogea, mikono nyuma. Aliuona utepe kwenye paji la uso, ambao wataalamu waliuita kilemba. Akaviona vidole vimeushika karibu na masikio, kuipunguzia shingo uzito. Miaka kumi na mmoja alipandisha makaa mlima wa Kadutu, kwao Bukavu, Kongo, kamba kwenye paji, gunia mgongoni. Lakini kampuni ya usafi ilikuwa imewaonya wasiwasumbue wataalamu, na mwenzake mmoja alikwisha kuondolewa kazini kwa kusema maneno machache tu. Akayawaza hayo. Kisha akavua glavu.

"Huyu halii, binti yangu," alisema. "Amebeba. Hiyo mistari ni muzigo wake. Mukiifunika, mutamunyang'anya kazi yake."

"Mama Bénie, unataka tufutwe kazi wote wawili?" Waceke alicheka kidogo, lakini penseli ilikuwa imesimama. Akagusa utosi wake. "Nyanya yangu alikuwa na bonde hapa, la kamba ya kuni. Nilikuwa naona haya watu wakiliona."

Akaenda kumwita Fiona, mkuu wao. Fiona alisikiliza kwa adabu ya mtu aliyekwisha amua, akasema kwa Kiingereza kwamba wasomi watatu walishautazama. Kiingereza cha Anésie hakikutosha kuelezea shingo. Akavua kitenge mabegani, akafunga nacho sanduku zito la karatasi lililokuwa sakafuni, akachuchumaa akiliegemeza mgongoni, akapitisha kitenge kwenye paji la uso. Akainuka. Magoti yalilia. Mikono ikapanda yenyewe kando ya masikio.

Fiona alisogea karibu. Akamzunguka, akarudi kwenye mchoro, akamzunguka tena. Akamwambia Waceke asikate kwanza, kisha akauliza kama mama angeweza kubaki hivyo kidogo.

"Mwambie nilikuwa nabaki hivi toka sokoni mpaka nyumbani," Anésie alijibu, macho chini.

Kidole cha Fiona kikapita hewani polepole, kikiufuata mkazo wa kitenge kutoka kwenye paji hadi kwenye sanduku. Anésie akahamishia uzito mguu wa kulia, kama afanyavyo mtu ambaye mlima bado haujamwishia.