Kamba Iliyopita Juu ya Mapaa

Nunzio Scaduto alikuwa mpimaji wa ardhi aliyeapishwa na jiji la Palermo, na kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyeitilia shaka kamba yake. Siku moja alijiwa na Padre Ilario, kaka wa mkewe, mkuu wa nyumba kongwe ya watawa.

"Shemeji, hao watawa wageni, wale wanaotembea pekupeku, wanajenga kule kwa watengeneza ngozi. Sheria inataka pima mia na arubaini kati ya nyumba moja ya watawa na nyingine."

"Wamezidisha. Kwa njia ya mtaani zinafika mia na hamsini."

"Kwa mtaani, sawa. Na ndege naye hupita mtaani?" Padre akacheka, kisha uso ukamshuka. "Sadaka ya mji huu ni mkate mmoja, Nunzio. Tukigawana na wageni, wazee wangu watashinda njaa."

Nunzio alikuwa amepima kwa kufuata njia tangu alipofundishwa na babake. Lakini sheria, kweli, haikusema kamba ipite wapi, na yeye hakupenda ugomvi nyumbani. Kesho yake akaipitisha juu ya mapaa. Pima mia na thelathini na tatu, saba pungufu ya sheria.

Ukuta wa kanisa la pekupeku ulikwisha kufika kifuani. Mawe yake yalibebwa na wanawake wa mtaa ule, watu ambao hakuna padre aliyetaka kukaa karibu nao kwa sababu ya uvundo wa ngozi. Ndugu Anselmo, kiongozi wa pekupeku, alimuuliza neno moja tu.

"Umepima vizuri?"

"Nimepima."

Mahakama ikakipokea kipimo hicho, na wiki haikuisha pekupeku wakawa wamebomoa jiwe kwa jiwe na kushika njia ya kwenda mji wa Trapani. Siku ile ya kuondoka, mwanamke mmoja aitwaye Crocifissa, aliyebeba mawe kuliko wote, alimwona Nunzio akipita.

"Wee bwana kamba! Ulipopima kiwanja cha mume wangu ulipita njiani kama sisi. Leo umeota mbawa?"

Watu wakaangua kicheko. Nunzio akaenda zake.

Mwezi wa nane homa ikaingia mtaani mle. Padre Ilario alituma watawa wawili; wakafika kwenye daraja la kuingilia mtaa, woga ukawarudisha. Walikufa watu arubaini na wawili bila kusomewa sala, mume wa Crocifissa akiwa mmoja wao.

Nunzio alikwenda mahakamani ajishtaki. Karani akamtazama kwa huruma. "Kesi imekwisha, mzee. Nenda nyumbani." Basi akaenda kwa Crocifissa, akamkuta anakwangua ngozi, akamweleza yote.

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua. Nisamehe, mama."

"Mimi nina ngozi sita za kumaliza leo," alisema Crocifissa, wala hakuinua kichwa tena.

Kabla ya Noeli Nunzio akaacha kazi ya jiji. Mkewe alilia, akamwita kaka yake aje aulize kulikoni, na Nunzio akasema kila kitu mezani, mbele ya wote wawili.

"Lakini hukudanganya, shemeji," alisema Padre Ilario polepole. "Kipimo kilikuwa cha kweli."

"Kilikuwa cha kweli. Nimekwenda kuungama mara tatu, na kila padre ananiambia hakuna dhambi hapo. Sasa nitubu nini, na kwa nani?"

Mkewe Nunzio akaanza kuondoa sahani, ingawa hakuna aliyekuwa amekula.